Minyoo si ya watoto peke yao

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi, katika baraza la kijiji, Kaunti ya Kwale. Yamechapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria. 

  

Kwanza niseme mimi ni nani, maana mkiona gari la kaunti mnaweza kudhani limeshusha daktari. Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kuandika matangazo, kupiga picha mikutanoni na kutayarisha jarida hili mnalopewa bure. Mtaalamu yupo, ni yule afisa wa afya ya umma aliyeketi karibu na chifu. Nikikosea atanirekebisha mbele yenu, tumekubaliana hivyo tukiwa njiani.

Nimekuja kwa sababu nina kosa langu la kurekebisha. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika tangazo lilelile, nikibadilisha tarehe tu: wazazi wote wanaombwa kuhakikisha kwamba watoto wao wamefika shuleni siku ya dawa ya minyoo. Hakuna uongo ndani yake. Lakini ukilisikia mara nyingi, kila mara wazazi, watoto, shule, utarudi nyumbani ukijua kwamba minyoo ni ugonjwa wa watoto, mtu akikua unamwacha kama anavyoacha kunyonya kidole. Mimi niliyeliandika ndivyo nilivyojua.

Mwaka juzi nilianza kuchoka. Si uchovu wa kazi ambao ukilala unaisha. Niliamka nimechoka. Ngazi za ofisini nilizipanda kwa vituo, nikijifanya nasoma simu ili wenzangu wasinione nikihema. Nikiinama kuokota kitu, nikiinuka macho yanaingia giza. Mama yangu alisema ni chango, akanichemshia mizizi. Kliniki moja ya kulipia ikasema ni vidonda vya tumbo, nikanywa dawa mwezi mzima na pesa zikaenda. Siku moja nikampeleka mwanangu chanjo kwenye kituo cha afya, na muuguzi badala ya kumtazama mtoto akanitazama mimi. Akashika kiganja changu, akavuta kope la chini la jicho, akasema, "Dada, mbona wewe umekuwa mweupe hivi?"

Alinipima damu, ikawa 8. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Akanipa kikopo, nikaleta choo kidogo, wakakitazama kwa darubini. Yalikuwa mayai ya safura.

Nilibisha. Nilimwambia nina shahada, nyumbani kwangu kuna choo cha maji, mboga naosha, maji nachemsha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Jumamosi huwa uko wapi?"

Jumamosi huwa niko shambani kwa mama yangu, napalilia mihogo. Viatu naviacha kizingitini, maana nani hapa anapalilia na viatu? Na katika shamba lile kuna mwembe mkubwa, na nyuma ya mwembe ule ndipo tulipokuwa tukienda haja tangu tukiwa wadogo. Choo kipo sasa. Nyuma ya mwembe bado watu wanakwenda.

Niwaeleze jinsi mnyoo huu unavyofanya kazi, kwa sababu nilipoelewa ndipo nilipoacha kuona haya. Mnyoo wa safura ni mdogo, urefu wake ni kama sentimita 1, mwembamba kama uzi. Unakaa kwenye utumbo mwembamba, umeng'ata ukuta wa utumbo, unanyonya damu. Jike hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hayo hayaanguliwi tumboni. Ni lazima yatoke na kinyesi yafike kwenye udongo wenye joto, unyevu na kivuli. Huko yanaanguliwa kwa siku 1 au 2, na baada ya siku 5 hadi 10 vijinyoo vichanga vinakuwa tayari. Vinangoja. Vikipata mahali pazuri vinaweza kungoja wiki 3 au 4. Wewe ukikanyaga pekupeku, vinapenya ngozi ya mguu. Pengine utawashwa kidogo katikati ya vidole, useme ni sisimizi. Vinaingia kwenye damu, vinafika mapafuni, vinapanda kooni, unavimeza pamoja na mate bila kujua, vinateremka tumboni na kukua. Safari yote hiyo hukula kitu kichafu hata kimoja. Ulikanyaga tu.

Sasa fikirini udongo wetu. Mchanga mchanga, joto mwaka mzima, kivuli cha mnazi na mwembe na mgomba, mvua ya masika na ya vuli. Mnyoo ungepewa nafasi ya kuchagua pa kuishi, ungechagua Pwani.

Kuna jambo moja ambalo lilinishangaza kuliko yote. Mnyoo huu hauongezeki ndani ya tumbo. Ukiwa nayo 100, basi 100 iliingia, mmoja mmoja, kila mmoja kwa njia yake kutoka nje. Kwa hiyo wingi wa minyoo tumboni mwako ni hesabu ya udongo uliokanyaga. Na udongo uliokanyaga ni hesabu ya kinyesi cha nani? Cha majirani, cha ndugu, na chako mwenyewe.

Damu inayoibwa ni kidogo kwa siku, ndiyo maana hatustuki. Aina iliyoenea zaidi Afrika, minyoo 100 yake hunywa kama mililita 3 kwa siku. Kijiko cha chai hakijai. Lakini zidisha kwa mwezi mzima, ni mililita 90. Ni kikombe cha kahawa, vile vikombe vidogo vya wauza kahawa wetu, kimejaa mpaka juu. Mwanamke anayepata hedhi kila mwezi, anayebeba mimba, anayenyonyesha, na kikombe hicho kinamwagwa kila mwezi. Mimba ikija juu ya damu ya namna hiyo, mama anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua hana akiba. Hapa ndipo minyoo inapoacha kuwa jambo la kuchekesha.

Neno lenyewe limetuponza. Huku kwetu chango limebebeshwa mzigo mkubwa. Mtoto akilia usiku, chango. Mwanamke akiumwa na tumbo la mwezi, chango. Mwanamume akiumwa na kiuno, chango. Mimba ikitoka, chango. Neno likiwa la kila kitu, mnyoo wenyewe unapotea katikati. Mama yangu aliposema nina chango alipatia kabisa, ila chango aliyoikusudia yeye si ile niliyokuwa nayo, na mizizi yake ilikuwa chungu bure.

Iko minyoo mingine, nitaipitia haraka. Ule mkubwa wa mviringo, ambao mtoto anautoa na mama anapiga kelele, jike lake linaweza kufika sentimita 35, yaani linashinda rula ya shule. Huo hutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, na mayai yake yanaweza kukaa ardhini kwa miaka. Unaingia kwa mdomo: mikono, embe lililookotwa chini, mboga zisizooshwa. Ukizidi kwa mtoto unaweza kuziba utumbo, na hapo ni upasuaji. Kuna ule wa mjeledi, nao huingia kwa mdomo vilevile. Kuna vile vyeupe vidogo vinavyowasha watoto sehemu ya haja usiku. Hivyo hutibiwa nyumba nzima na dawa hurudiwa baada ya wiki 2. Tegu, yule anayetoka vipande vipande, hutokana na nyama isiyoiva vizuri, na anataka dawa yake, kwa hiyo nenda kituoni. Na kichocho, mkojo wa damu, si minyoo ya utumbo. Dawa ya minyoo haikitibu. Mtoto anayekojoa damu asingojee siku ya dawa ya minyoo.

Nirudi kwa safura, maana ndiyo iliyonileta.

Ile minyoo mikubwa ya mviringo na ule wa mjeledi hupenda zaidi watoto wa umri wa shule. Safura si hivyo. Mtu huanza kuipata akiwa mtoto, na akiwa mtu mzima bado anayo, mara nyingi kuliko mtoto. Ni mkulima, ni mama anayepalilia, ni mzee anayechunga. Kwa hiyo tukiwapa dawa watoto shuleni, tumefanya vizuri, lakini tumefagia chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba vitano.

Na jambo hili halikugunduliwa mbali. Lilipimwa hapahapa Kwale. Wengine mnakumbuka, kuanzia mwaka 2015 wahudumu wa afya ya jamii walipita nyumba hadi nyumba na vidonge. Ule ulikuwa utafiti ulioitwa TUMIKIA, kirefu chake Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Kaunti iligawanywa katika maeneo 120, na maeneo hayo yakawekwa kwenye makundi 3. Kundi la kwanza, watoto walipewa dawa shuleni mara 1 kwa mwaka kama kawaida. La pili, kila mtu kijijini, mkubwa na mdogo, mara 1 kwa mwaka. La tatu, kila mtu, mara 2 kwa mwaka. Baada ya miaka 2 wakapima safura.

Sikilizeni hesabu. Palipotibiwa watoto pekee, wenye safura walishuka kutoka karibu watu 19 katika kila 100 hadi 14. Palipotibiwa kila mtu mara 1 kwa mwaka, kutoka 18 hadi 8. Palipotibiwa kila mtu mara 2, kutoka karibu 21 hadi 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, ambalo madaktari wa dunia nzima husoma. Leo mtaalamu anayesema, popote alipo, kwamba watu wazima nao wapewe dawa, kuna uwezekano mkubwa anataja Kwale. Sisi tuliotoa vinyesi vyetu vikapimwa ndio tumesahau. Nami nilikuwa na ripoti hiyo mezani, nikaendelea kuandika wazazi, watoto, shule.

Sasa dawa. Inaitwa albendazole. Imetumika kwa binadamu tangu miaka ya 1980. Mtu mzima na mtoto wa kuanzia miaka 2 humeza miligramu 400 mara moja. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 2 hupewa nusu. Mtoto mdogo kidonge kisagwe, wala asishikwe pua na kulazimishwa huku analia. Kidonge kinaweza kumpalia, na kupaliwa ni hatari kuliko minyoo. Mwenye mimba ya chini ya miezi 3 asimeze. Ikipita miezi 3 aulize kliniki ya wajawazito, atapewa huko. Mgonjwa aliyelala kitandani na homa angojee apone.

Ukishameza unaweza kuumwa na tumbo kidogo, kichefuchefu, kichwa. Huisha. Mara nyingi ni mwenye minyoo mingi anayesikia zaidi, na hapo ndipo uvumi unapozaliwa: fulani kameza dawa ya serikali, kashikwa na tumbo. Ndiyo, kashikwa, kwa sababu kilichokuwa tumboni kinatoka.

Uvumi mwingine nimeusikia kwa masikio yangu, kwamba vidonge vile ni vya kufunga uzazi. Sitawacheka wanaousema. Mtu anayeletewa kitu bure mlangoni ana haki ya kuuliza. Jibu ni hili: dawa hiyohiyo inauzwa duka la dawa na watu wanainunua kwa pesa zao, na wajawazito wenyewe hupewa kliniki. Tena mimi niliimeza, na mnaniona, mwezi wa saba huu. [Kicheko.]

Kitu kimoja dawa haiwezi kufanya: haizuii. Inafukuza iliyopo. Kesho ukikanyaga nyuma ya mwembe unaanza upya. Kwa hiyo lazima tuongee habari ya choo, na najua baraza likifika hapa watu huanza kutazama saa.

Nitawapa sababu kwa nini sitawahubiria. Kule Busia, mwaka 1998, watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walianza kufuatilia dawa ya minyoo katika shule 75. Kremer alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, kwa utafiti wa namna hiyo. Walipata mengi, lakini mawili yalinigusa. La kwanza, watoto walifundishwa kuvaa viatu, kunawa, kukaa mbali na maji machafu, na tabia zao hazikubadilika. Mimi ninayelipwa kuandika mawaidha nilisoma hapo nikafunga kitabu kwanza. La pili, shule zilizotoa dawa bure, watoto 75 katika kila 100 waliimeza. Zilizowatoza wazazi ada ndogo, 18 tu. Ada ndogo! Mtu hanunui dawa ya kitu asichokiona. Ndiyo maana msimamo wangu, na naukariri kila mkutano wa ofisini mpaka wananichoka, ni kwamba dawa hii lazima ije bure na ije mlangoni.

Basi choo. Najua matatizo mawili ya hapa, na hakuna hata moja linaloitwa uvivu.

La kwanza ni mchanga. Unachimba, masika yanakuja, shimo linakatika, na shilingi zako zimezama humo. Mafundi wanasema shimo la duara husimama kuliko la pembe nne. Kwenye mchanga ni lazima kuta zishikwe, kwa mawe, kwa matofali, wengine hutumia mapipa yaliyokatwa chini. Si lazima shimo liwe refu sana. Likifika maji ya chini umeharibu kisima. Liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na tundu liwe na kifuniko. Kabla ya kutia jembe, mwiteni afisa wa afya ya umma aangalie mahali. Kupigia macho sehemu ya shimo ni kazi yake, wala si fadhila.

La pili nalisema kwa heshima. Kuna boma ambalo choo kipo kizuri, lakini baba mkwe na mkaza mwana hawawezi kuingia choo kimoja. Ni adabu tuliyoikuta. Anayeachia choo ni nani? Mara nyingi ni mzee, anakwenda porini kwa heshima ya mke wa mwanawe. Au ni mke mwenyewe, anangoja giza. Na maafisa wetu wanakuja, wanahesabu choo kimoja, wanaandika boma hili lina choo, wanaondoka. Hesabu ni sawa na kinyesi kiko porini. Ushauri wangu ni kwamba lisemwe waziwazi boma linapopanga kuchimba. Yako maboma yamejenga vyoo viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa cha fahari, milango imepeana mgongo, na kila mtu anakwenda mchana bila aibu. Mficha maradhi kilio humfichua, na hiki ni mojawapo ya vitu tunavyoficha.

Na kinyesi cha mtoto mchanga ni kinyesi. Tunaambiana hakina neno, tunakitupa migombani. Kitieni chooni.

Viatu: hata ndara za bei nafuu ni bora kuliko pekupeku, ingawa shambani kwenye matope zinakwama, najua. Mimi sasa napalilia na viatu vya plastiki vilivyozibwa mbele. Mama yangu bado ananicheka, anasema nimekuwa mzungu. Lakini na yeye ameshameza dawa.

Aliyekwisha kupungukiwa na damu, dawa ya minyoo peke yake haitamrudishia. Mimi nilipewa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi 3. Visimezwe na chai, chai huzuia chuma kuingia mwilini. Tumieni maji, au maji ya ndimu. Choo kitakuwa cheusi, msiogope. Mchicha, kunde, dagaa, maini mkiyapata. Mwezi wa pili nilipanda ngazi zile za ofisini nikafika juu kabla sijakumbuka kuchoka.

Sasa maswali.

Mzee mmoja alisema: Mimi nina miaka 70 na zaidi, sijawahi kuvaa viatu shambani wala kumeza kidonge chenu, na sijafa.

Shikamoo babu. Ni kweli, na wengi wenye minyoo michache hawasikii chochote. Mwili wako una nguvu na hedhi huna. [Kicheko.] Lakini hata ukiwa na majike 10 tu, na kila moja linataga maelfu ya mayai kwa siku, unakokwenda asubuhi panabaki mbegu. Atakayepita hapo akiwa na damu kidogo ni mkaza mwanao mwenye mimba. Kidonge utakachomeza wewe ni dawa yake.

Mama mmoja aliuliza: Mwarobaini na mbegu za papai je, si ndizo dawa za wazee?

Hilo namwachia mtaalamu. [Afisa wa afya ya umma alijibu kwamba hakuna kipimo kinachojulikana cha dawa hizo, kwamba mtu mzima akizitumia asiache kumeza kidonge kwa sababu yake, na kwamba mtoto mdogo asipewe mwarobaini kabisa, hasa mafuta yake, kwa kuwa yamewahi kudhuru watoto wachanga.]

Kijana wa bodaboda aliuliza: Mimi siko shuleni wala sina mtoto. Siku ya dawa mhudumu akija nyumbani niko barabarani. Nitapata wapi?

Hilo ni swali ambalo tangazo langu la miaka minne halikuwa na jibu lake. Mwachie mhudumu wako jina lako, au mwambie mkutane stejini, wanaijua. Ukikosa, nenda zahanati uombe kupimwa. Usiseme naumwa na tumbo tu. Sema unafanya kazi pekupeku au ulikulia shambani, na kama unachoka au unahema, liseme hilo pia. Mimi nilipoteza mwezi mzima wa dawa za vidonda kwa sababu hakuna aliyeniuliza na mimi sikusema.

Mama mwingine aliuliza: Na mume akikataa?

Mama, mimi wangu alikataa pia. Alisema yeye hana minyoo. Nikamwambia akapimwe basi, atuonyeshe kwamba hana. Akaenda kunikomoa. Sitawaambia waliona nini, maana ni siri ya mgonjwa, ila alimeza.

Muda wa chifu umekwisha. Tarehe ya wahudumu kupita itatangazwa na chifu na wazee wa kijiji, na safari hii tangazo litasema kila mtu. Afisa wa afya ya umma atabaki hapa mpaka saa 8 mchana. Anayetaka kuonyeshwa mahali pa kuchimba choo aandikishe jina kwake, na aliye na swali lisilofaa kusemwa hadharani amfuate pale nyuma ya gari.